UZI: Samaki wa ziwani anavyoingiza sesiamu mwilini na anavyoitoa (niliyoyaona kwenye maziwa ya Sweden baada ya Chernobyl)

Mwanasamaki

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mwingine watu walibishana kuhusu samaki na mionzi. Mmoja alisema samaki ni sifongo: akikaa kwenye maji yaliyochafuka anafyonza tu mpaka ajae. Mwingine akamjibu kwamba maji yakipimwa yakaonekana mazuri, basi na samaki ni mzuri. Wote wawili hawako sawa, na nimeshindwa kunyamaza kwa sababu hili ndilo nililolisomea. Nilikaa miaka miwili katikati ya Sweden nikipima samaki wa maziwa yaliyonyeshewa mvua ya Chernobyl. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie.

Mtambo namba 4 wa kituo cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, ulilipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Asubuhi ya tarehe 28, kwenye kituo cha nyuklia cha Forsmark, Sweden, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale, king'ora kililia mfanyakazi alipopita kwenye kipimo. Viatu vyake vilikuwa na mionzi. Walidhani mtambo wao wenyewe unavuja. Kumbe ni wingu lililokuwa limeshawafikia, na katika siku hizo mvua ilinyesha maeneo ya Gävle. Mvua ndiyo iliyoshusha uchafu. Wilaya iliyonyeshewa ilichafuka, na ya jirani ambako wingu lilipita kukavu ikasalimika.

Kilichobaki miaka mingi baadaye ni hasa sesiamu-137 (metali yenye mionzi inayotoka kwenye mitambo ya nyuklia), ambayo huchukua miaka 30 hivi kupungua nusu. Ndugu yake sesiamu-134 hupungua nusu kila miaka 2, kwa hiyo hiyo ilijiishia.

Sasa swali: sesiamu inamwingiaje samaki?

Anzeni na chumvi. Damu ya samaki wa ziwani ina chumvi nyingi kuliko maji anamoogelea. Mwenye chumvi akikaa kwenye maji yasiyo na chumvi, maji yanamwingia na chumvi inamtoka, usiku na mchana, bila kupumzika. Ndiyo maana samaki wa ziwani karibu hanywi maji kabisa. Kazi yake ni kuyatoa: anakojoa sana, mkojo mwepesi. Na chumvi inayompotea anairudisha kwa njia mbili, kwa chakula na kwa mashavu. Kwenye mashavu kuna chembe maalumu zinazovuta madini kutoka majini kwa nguvu, kama mtu anayeokota punje za mchele zilizomwagika mchangani.

Samaki wa baharini ni kinyume chake. Maji yanamtoka, kwa hiyo anakunywa bahari, halafu chumvi iliyozidi anaisukuma nje kupitia mashavu yale yale.

Potasiamu ni mojawapo ya madini ambayo samaki hawezi kuishi bila hayo, na iko kwa wingi kwenye nyama. Sesiamu imekaa safu moja na potasiamu kwenye jedwali la kemia, na mwili wa samaki hauwezi kuzitenganisha vizuri. Milango iliyowekwa kwa ajili ya potasiamu, sesiamu inapita humo humo. Lita moja ya maji ya bahari ina potasiamu karibu miligramu 400. Ziwa la msituni kule Sweden mara nyingi halifikishi hata miligramu 1. Kwa hiyo samaki wa bahari anaweza kuoga ndani ya sesiamu na bado milango yake imejaa potasiamu. Wa ziwani ana njaa, anashika chochote kinachofanana nayo.

Hesabu inaonyesha hivyo hivyo. Ukilinganisha kilo ya mnofu na lita ya maji, samaki wa bahari huwa na sesiamu mara 100 hivi ya ile iliyo majini. Wa maji baridi huwa na mara elfu kadhaa. Ndiyo maana nasema kupima maji peke yake hakukwambii kitu kuhusu mboga yako.

Nitaendelea na jinsi anavyoitoa. Maswali yanakaribishwa.

Mpwani

Mkuu uzi mzito, nimekaa mkao wa kula. Ila nisaidie neno. Unasema "maji baridi", sisi huku pwani tunasema maji matamu na maji ya chumvi. Ukisema baridi nafikiria barafu. Ziwa Victoria si la baridi.

Mwanasamaki

Ahsante, umefanya vizuri kuuliza, maana ubaridi wenyewe nao una kazi yake hapa chini na tutachanganyana. Nikisema "maji baridi" ni kama vitabu vya shule: maji ya ziwa na mto, yasiyo na chumvi. Nikitaka kusema ubaridi wa kupima kwa kipimajoto nitataja nyuzi.

Darasa la Kemia

Habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Naomba ufafanue: ni mashavu au ni chakula kinachoingiza zaidi? Wanafunzi wangu watauliza.

Mwanasamaki

Salama mwalimu. Kwa sesiamu ni chakula, kwa kiasi kikubwa. Mashavu yapo kazini muda wote, lakini tumbo ndilo lango kuu. Kwa strontiamu, uchafu mwingine wa mitambo wenye mionzi, ni tofauti, hiyo hupita sana mashavuni kwa sababu inafanana na kalsiamu, na kalsiamu samaki huichota kwa wingi moja kwa moja kutoka majini.

Kwa kuwa sesiamu inapita kwenye chakula, inapanda ngazi. Vijimea na tope, halafu wadudu, halafu samaki mdogo anayeitwa mört, halafu abborre (mfikirieni kama kisangara cha sentimita 20), halafu gädda, samaki mrefu mwenye mdomo kama wa bata na meno makali. Baada ya 1986 samaki wadogo walifika kileleni haraka, mwaka ule ule au uliofuata. Gädda wakubwa walichukua kama miaka miwili. Wakati maji yameshasafika kwa sehemu kubwa, gädda bado alikuwa anapanda, kwa sababu chakula chake ndiyo kwanza kilikuwa kimejaa.

Hapo Wasweden wa maziwani waliumia. Kiwango cha sesiamu kilichoruhusiwa kwenye chakula kilikuwa bekereli 300 kwa kilo (bekereli moja ni chembe moja inayovunjika na kutoa mionzi kila sekunde), na samaki wengi wa maziwa hayo hawakupita. Mwaka 1987 serikali ilikipandisha hadi 1,500 kwa samaki wa maji baridi, nyama ya reindeer (kulungu wa nchi za baridi), wanyama pori, uyoga na matunda ya msituni, wakihesabu kwamba vitu hivyo watu wengi hawali kila siku. Ila kuna wanaokula kila siku, na hao wakapewa ushauri wao.

Kaka Mkubwa

Unazungumzia kuingia tu. Anatoaje? Au ikishaingia ndiyo imekwisha?

Mwanasamaki

Hapana, haijaisha, na hapa ndipo yule wa sifongo alipokosea.

Sesiamu haijifungi mahali. Inazunguka na potasiamu, inaingia chembe ya nyama, inatoka, inarudi kwenye damu, inapita mashavuni na kwenye mkojo, kidogo kwenye kinyesi. Samaki ukimtoa kwenye ziwa lililochafuka ukamweka kwenye maji mazuri na chakula kizuri, anaanza kupungua siku hiyo hiyo. Kwanza haraka, ile iliyokuwa kwenye damu na matumbo. Kisha polepole, ile ya kwenye mnofu.

Kasi inategemea mambo mawili zaidi. La kwanza ni ukubwa wa samaki: mdogo mwili wake unachoma haraka, anapunguza nusu kwa miezi michache, na gädda mkubwa anaweza kuchukua mwaka au zaidi. La pili ni nyuzi za maji. Ziwa la Gävle majira ya baridi limefunikwa barafu, chini ni nyuzi 4 hivi, samaki amelala nusu usingizi, anakula kidogo, anatoa kidogo. Miezi mitano anaibeba sesiamu yake kama mzigo aliousahau mgongoni. Kwenye ziwa la nyuzi 25 kama letu mwili ungefanya kazi mwaka mzima.

Sasa utaniuliza: kama anatoa nusu kila miezi kadhaa, imekuwaje miaka ishirini baadaye mimi naikuta bado? Kwa sababu anatoa kila siku na kila siku anakula tena. Msitu unaendelea kuvuja sesiamu kidogo kidogo ziwani, tope nalo linairudisha kwa wadudu. Samaki ameshakuwa sawa na chakula chake, na chakula hakijasafika.

Niwape picha moja. Kazi yangu ya kila juma ilikuwa abborre. Unampima urefu, unamtoa mfupa wa kifuniko cha shavu, unauchemsha kidogo na kuuinua kwenye mwanga kuhesabu pete za miaka. Kisha unachukua mnofu, unaukata vipande vidogo, unaushindilia kwenye kikopo cha plastiki usibaki na hewa, unakiweka ndani ya nyumba ya madini ya risasi inayozuia mionzi ya nje, juu ya kipimo kinachopozwa na naitrojeni ya maji. Unaacha usiku kucha. Asubuhi kwenye skrini kuna vilima viwili. Kimoja kwenye alama ya 662, hicho ni sesiamu-137. Kingine kwenye 1461, hicho ni potasiamu-40, ya asili, imo kwa kila samaki duniani, bekereli 100 hivi kwa kilo. Ipo kwenye sato uliyekula jana, na imo mwilini mwako wewe unayesoma. Kilima cha 1461 kilikuwa karibu kimo kile kile kwa kila abborre. Cha 662 kilibadilika ziwa kwa ziwa.

Nilikuwa na maziwa mawili yaliyopata mvua ile ile. Moja katikati ya msitu, maji ya rangi ya chai ya rangi, pembeni ni mboji tupu. La pili liko chini kwenye mashamba ya udongo wa mfinyanzi. La msituni abborre wake walikuwa na sesiamu mara nyingi zaidi. Mfinyanzi unaishika sesiamu katikati ya matabaka yake na hauiachii kirahisi, halafu mashamba yanavujisha potasiamu ya mbolea. Mboji haiishiki, na potasiamu hakuna.

MamaDagaa

Habari zenu wanangu. Mimi nauza dagaa Mwaloni. Nimesoma mpaka hapa, yako mazito lakini nimeelewa. Swali langu ni moja. Dagaa wanaliwa wazima, kichwa na miiba. Na kuna watu kipato chao ni mapanki, minofu imekwenda Ulaya wao wanabaki na mifupa ya sangara. Hiyo mionzi inakaa kwenye nyama au kwenye mfupa?

Mwanasamaki

Shikamoo mama. Umeuliza swali ambalo wataalamu wengi hulisahau, kwa sababu wanapima minofu tu.

Kwanza nikutoe hofu: Chernobyl haikulichafua Ziwa Victoria hivyo. Hapa tunazungumzia elimu yenyewe, ikitokea jambo tujue pa kutazama.

Inategemea ni madini gani. Sesiamu inakaa kwenye mnofu. Strontiamu-90 inakaa kwenye mifupa, magamba na mapezi, kwa sababu mwili unaidhani ni kalsiamu, na ikishajengewa mfupani haitoki kirahisi. Huko hakuna kupungua nusu kwa miezi. Samaki anakwenda nayo karibu maisha yake yote, na yenyewe inahitaji miaka 29 hivi kupungua nusu. Mfano wake ni mto Techa kule Urusi. Kiwanda cha Mayak kilimwaga maji ya mionzi humo kati ya 1949 na 1956, na watu wa vijiji vya kando ya mto walikunywa na kuvua humo humo. Samaki wa pale mnofu ukiupima una strontiamu kidogo, mfupa una nyingi sana kuliko huo mnofu.

Kwa hiyo mlaji wa minofu na mlaji wa mapanki, mbele ya strontiamu, si walaji wa samaki mmoja. Mtu akikuletea cheti cha minofu peke yake, hakijamjibu anayekula dagaa mzima wala anayechemsha mapanki. Nalisema hili kwa uchungu, maana maskini ndiye anayekula mfupa.

MamaDagaa

Marahaba mwanangu. Na kukausha? Dagaa wangu naanika juani.

Mwanasamaki

Jua linaondoa maji tu, mama. Kilichokuwa kwenye kilo nne za dagaa mbichi kinabaki chote kwenye kile kilo kimoja na kitu kilichokauka, kwa hiyo ukipima kwa kilo namba inapanda. Kukaanga nako hakupunguzi kitu. Kinachopunguza sesiamu ni maji: ukiloweka mnofu kwenye maji ya chumvi, au ukichemsha na kumwaga mchuzi, sehemu isiyo ndogo inaondoka kwa sababu inayeyuka kama potasiamu. Strontiamu ya mfupani inabaki pale pale.

Kaka Mkubwa

Na wale kambale wakubwa wa Chernobyl kwenye video? Wanasema mionzi imewageuza majitu.

Mwanasamaki

Wale wako kwenye maji ya bwawa na mifereji ya kupozea mtambo. Bwawa lenyewe lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 22 hivi. Kambale wa Ulaya kwa asili hukua kuzidi kimo cha mtu. Pale hakuna anayevua, na wageni waliwatupia mikate miaka na miaka. Samaki asiyevuliwa na anayelishwa anazeeka na kukua. Mionzi wanayo, ila si iliyowapa ukubwa. Tangu 2014 pampu zilizokuwa zinajaza bwawa hilo kutoka mto Pripyat zilisimamishwa na limekuwa likikauka.

Darasa la Kemia

Nimerudi. Kama kisa ni njaa ya potasiamu, je, ukiongeza potasiamu ziwani samaki atapunguza sesiamu? Nauliza kama jaribio la fikra.

Mwanasamaki

Mwalimu, umefika mwenyewe! Si la fikra, lilifanyika. Belarus kuna ziwa dogo linaitwa Svyatoe, limefungwa, halina mto wa kutoka, na samaki wake waligoma kusafika. Mwaka 1998 wakalitia kloridi ya potasiamu, mbolea ya kawaida ya potashi.

Sesiamu kwenye maji ikapanda. Potasiamu iliingia topeni ikaisukuma sesiamu iliyokuwa imejishika humo, nayo ikarudi majini. Aliyekuwa anapima maji tu angesema wameharibu ziwa. Lakini samaki wakashuka, tena kwa kiasi kikubwa, kwa sababu milango yao sasa ilikuwa na potasiamu ya kutosha. Maji mabaya zaidi, samaki mzuri zaidi. Niliposoma matokeo hayo mara ya kwanza nilirudia ukurasa mara tatu.

Japani waliona upande mwingine wa jambo hili hili baada ya Fukushima, Machi 2011. Samaki wengi wa baharini walishuka upesi chini ya kiwango chao cha bekereli 100 kwa kilo, kilichoanza Aprili 2012. Samaki wa maziwa ya milimani, kama Chuzenji, waliendelea kuzuiwa kwa miaka mingi, ingawa ziwa liko mbali na mtambo na bahari iko mlangoni pa mtambo.

Mwana wa Bahi

Wakuu nimechelewa. Mimi ni wa Bahi, Dodoma. Kwetu utafiti wa urani ulishafanyika na watu wana wasiwasi wa siku itakapochimbwa. Sisi tunavua kambale na perege kwenye bwawa la Bahi mvua zikiwa nzuri na mto Bubu ukijaa. Sesiamu na strontiamu ni za mitambo. Urani je?

Mwanasamaki

Ndugu yangu, hilo ndilo linalotuhusu moja kwa moja.

Urani haifanani na sesiamu. Haipandi ngazi ya chakula. Mdudu na samaki wa chini hukutwa nayo kuliko samaki mla samaki. Kwenye mnofu huwa ndogo, inakwenda figoni, kwenye mfupa, ini na mashavu, na inatolewa kwa mkojo. Ubaya wake wa kwanza kwa samaki ni sumu ya kikemia kwenye figo kabla hata ya mionzi, kama zilivyo metali nyingine nzito.

Na tabia ya maji inaamua tena. Urani ikikutana na kaboneti, yaani mambo ya chokaa na magadi, inashikamana nayo. Inasafiri mbali zaidi na maji lakini mashavu yanaipokea kwa shida. Kwenye maji laini na yenye tindikali kidogo inaingia kirahisi zaidi. Urani ya Bahi imekutwa karibu na uso wa ardhi kwenye matabaka yenye chokaa, kwa hiyo kemia ya maji yenu si jambo la pembeni.

Ila usiishie kwenye urani. Anayekuja nyuma yake ni radiamu-226, mtoto wa urani, anayebaki kwenye mabaki ya mgodi baada ya urani kuchukuliwa. Huyo anafanana na kalsiamu, anakwenda mfupani kama strontiamu, na anahitaji miaka 1,600 kupungua nusu.

Mwana wa Bahi

Sasa sisi wanakijiji tudai nini? Tukisema "tupimiwe samaki" watatuletea karatasi moja na muhuri.

Mwanasamaki

Dai kipimo cha sasa, kabla jembe la kwanza halijaingia. Bila hicho, siku ya ugomvi kila mtu atasema ilikuwepo tangu zamani, na kwa kuwa urani na radiamu ni za asili, kiasi fulani kweli kilikuwepo. Tume ya Nguvu za Atomiki ya Tanzania ipo, na kupima vyakula ni sehemu ya kazi yake.

Kwenye barua yenu andikeni kambale na perege wapimwe mbalimbali, mnofu peke yake, mfupa peke yake, figo na ini peke yake, na urefu wa kila samaki uandikwe. Ombeni urani na radiamu zote mbili, kwa majina. Na maji yachukuliwe siku ile ile, mahali pale pale, yapimwe kalsiamu, kaboneti na tindikali. Mara moja mvua ikiwa imejaa, mara ya pili bwawa likiwa limenywea, kwa sababu maji yakikauka kila kilichomo kinakolea.

Mwana wa Bahi

Nimenakili yote kwenye daftari. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Perege wameshaanza kupungua, maji yanarudi nyuma. Nitamwomba mzee wa wavuvi atunze wachache kwenye friji ya dukani na tarehe juu yake.

Mwanasamaki

Watunzeni wazima, msiwapasue. Kila mmoja kwenye mfuko wake, na andika na mahali alipovuliwa.

MamaDagaa

Na mumwambie huyo mzee asiwatie chumvi.

Mwanasamaki

Kweli kabisa mama. Chumvi inatoa maji mwilini na kuvuruga uzito wa samaki, hesabu ya kwa kilo itapotoka. Barafu tu.